Nimetubu, nimelipa pesa yote, mbona sinia la Meza ya Bwana bado linanipita? (mwezi wa 11 sasa)

#1 Fundi_wa_Umoja
Wasee habari za jioni. Jina la kanisa sitaji kwa hivyo msiniulize, jueni tu ni la mtaa huku Eastlands, lina wazee, lina baraza, lina kila kitu. Mimi nilikuwa mweka hazina wa kwaya. Mwaka jana tukachanga za sare, 47,000, zikakaa kwa M-Pesa yangu. Sitazunguka, nilizibeti. Haikuwa siku moja, ni wiki tatu hivi, unatoa 2,000 unajiambia hii ikiingia narudisha zote, haiingii. Fundi wa nguo alipoanza kupiga simu ndio nikaenda kwa pasta mimi mwenyewe nikamwambia. Hakuna mtu alikuwa amenishika, hilo naomba mlielewe. Nikaitwa baraza nikakiri tena. Jumapili nikasimama mbele nikaomba msamaha, mama watoto akiwa benchi ya tatu anaangalia chini. Wakasema miezi sita: sishiki Meza, siimbi, siombi mbele za watu. Sawa. Nililipa pole pole, mwezi wa tano nikamaliza, risiti iko.

Sasa ni mwezi wa kumi na moja wa nidhamu na hakuna mtu amesema kitu. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi sinia linakuja, shemasi ananiangalia, analipitisha juu ya magoti yangu kwa jirani. Juzi kijana wangu wa miaka saba akaniuliza, baba kwani wewe hupewi soda?

Swali: nani ako na mamlaka ya kumaliza hii kitu? Na mtu akishatubu kweli, miezi ni ya nini? Naanza kuamini nidhamu ya kanisa ina mlango wa kuingilia peke yake.

#2 Kiti_cha_Nyuma
Pole ndugu yangu. Mimi nilikaa miaka miwili. Kosa: mimba kabla ya ndoa. Yule kijana alikuwa anapiga kinanda kanisa hilo hilo na aliendelea kupiga kinanda Jumapili zote, mimi nikiwa benchi ya mwisho karibu na mlango wa choo. Kabla ya kuuliza mlango uko wapi uliza ni nani hufungiwa.

#3 Nyundo45
Hii uzi tayari imekuwa ya wanawake. Fundi, jibu lako ni Mathayo 18. Ndugu yako akikukosea mwendee mkiwa wawili, asiposikia chukua mtu mmoja au wawili, asiposikia liambie kanisa, akikataa hapo ndio awe kama mtu wa mataifa na mtoza ushuru. Wewe ulisikia kabla hata ya hatua ya kwanza, ulijipeleka. Hukufaa kutengwa hata siku moja. Walikuonea.

#4 Shemasi_Mstaafu
Nyundo45 taratibu. Mathayo 18 inaanza na ndugu akikukosa wewe, mtu mmoja. Pesa ya kwaya ni ya watu arobaini, wote wanajua, fundi wa nguo anajua, mtaa unajua. Kosa la hadharani linatubiwa hadharani, soma 1 Timotheo 5:20. Nimekaa baraza la wazee miaka 19 na nakuambia miezi haikuwahi kuwa ya Mungu. Mungu alimsamehe siku ile ile ofisini kwa pasta. Miezi ni ya wale waliochanga, wanataka kuona na macho. Mtu wa kubeti hutubu kila Jumatatu asubuhi.

#5 Fundi_wa_Umoja
Mzee hiyo ya Jumatatu imeniingia mpaka kwa mfupa. Lakini si waliniambia sita? Sita iliisha.

#6 BintiParokia
Mnanishangaza kidogo nyinyi. Kwetu Katoliki unaenda kitubio, unaungama, padri anakupa malipizi, Jumapili unapokea kama kila mtu. Hakuna anayejua ulisema nini, na padri akitoa siri ya maungamo yeye ndiye anajitenga na Kanisa papo hapo. Pesa ungeambiwa urudishe, hiyo lazima. Lakini kusimamishwa mbele ya mke wako? Ya nini?

#7 Kiti_cha_Nyuma
Binti, na wale wa kam-wi-stei, wanaoishi pamoja bila ndoa? Wao wakiungama Jumamosi wanapokea Jumapili?

#8 BintiParokia
Hapo umenishika. Ndoa ni habari nyingine, mpaka mfunge. Na aliyeachana akaoa tena wakati ndoa ya kwanza haijabatilishwa, Yohane Paulo wa Pili aliandika 1981 kwamba kama hawawezi kutengana basi waishi kama kaka na dada ndio wapokee. Papa Francis akaandika wake 2016, na ubishi wote uko kwa tanbihi moja, ya 351, inayosema wengine wanaweza kusaidiwa hata na sakramenti. Maaskofu wanaisoma kila mtu na miwani yake. Ila 2015 alirahisisha kesi za kubatilisha ndoa, hauhitaji tena hukumu mbili zinazofanana.

#9 KijanaWaGithurai
Kaka na dada kwa bedsita ya Githurai 45?? Kitanda ni kimoja, pazia ni moja, sufuria ni mbili. Huyo Papa angeletwa aone bedsita kwanza ndio aandike.

#10 Nyundo45
Tatizo ni hawa wazungu. Kanisa la kwanza halikuwa na miezi wala baraza. Mtu alitubu, akakaribishwa, wakala pamoja. Haya ya kuhesabu kalenda yalikuja na meli.

#11 Mwanafunzi_Theolojia
Si kweli, na ni kinyume kabisa. Mwaka 250 kaisari Decius aliamuru kila mtu atolee miungu sadaka apewe cheti. Wakristo wengi walitoa. Wengine walimpa ofisa kitu kidogo wakapata cheti bila kutoa sadaka (mnaona si Nairobi ilianza). Mateso yakapungua, wakarudi wanabisha hodi. Karthago, Afrika hii hii, askofu Sipriani akasema watarudi lakini baada ya toba ndefu, na kila mtu apimwe na kosa lake, aliyenunua cheti asilinganishwe na aliyekimbilia madhabahu mwenyewe. Kule Roma Novatiani akasema hao hawarudishwi kamwe, akaanzisha kanisa lake. Halafu mkutano wa maaskofu pale Nikea 325 wakaandika miaka kumi kwa walioanguka bila kulazimishwa. Miaka! Fundi miezi yako 11 ni ya chekechea.

#12 BintiParokia
Miaka ni 12 si 10. Kanuni ya 11 ya Nikea: miaka 3 kati ya wasikilizaji, 7 ya kupiga magoti, 2 wanasali na watu lakini bila kushiriki. Kumi iko kwa kanuni ya 12, wale waliokuwa wameacha jeshi kwa ajili ya imani halafu wakarudi, 3 ya kusikiliza na 10 ya magoti.

#13 Mwanafunzi_Theolojia
Nimerudi kuangalia, uko sawa, nilichanganya hizo mbili. Lakini angalia mwisho wa hiyo kanuni ya 12: askofu achunguze toba ya mtu, akiona machozi na matendo anaweza kumpunguzia, na yule anayeona kuingia tu mlangoni kunatosha amalize muda wote. Yaani hata wao walijua kalenda haiwezi kupima moyo, ndio wakaweka mtu wa kuangalia. Fundi, kwenu huyo wa kuangalia ni nani? Na kanuni ya 13 inasema anayekaribia kufa asinyimwe.

#14 Mzee_wa_Benchi
Kwa hivyo njia ya mkato Fundi augue kidogo.

#15 Mjukuu_wa_Thogoto
Nyundo45 amekosea karne tu, meli haikuja mikono mitupu. 1929, misheni ya Scotland pale Kikuyu na wale wa AIM (Africa Inland Mission) waliwaambia washirika wakane tohara ya wasichana, waweke sahihi au kidole gumba. Ikaitwa kirore. Asiyeweka alitolewa kwa ushirika, shule nazo zikawafungia watoto. Nyanya ya baba yangu hakuweka. Tohara yenyewe sibishani, ni mbaya, na tangu 2011 kuna sheria inayoikataza nchi nzima. Lakini ona kilichotokea: hao waliotolewa hawakukaa nyuma wakingoja kuitwa, walijenga shule zao na makanisa yao, na wakaimba Muthirigu ya kuwatukana wamisheni mpaka mkoloni akaipiga marufuku. Ukitenga mmoja anakaa nyuma. Ukitenga kijiji wanakuwa kanisa.

#16 Shemasi_Mstaafu
Ongeza hapo Uamsho, ulioingia Kenya 1937 kutoka Ruanda na Uganda. Mama yangu alikuwa Mhonoki, yaani aliyeokoka. Wale walitubu mbele ya watu na kutaja kitu kwa jina lake, nilichukua sukari ya mwajiri, nilimchukia shemeji yangu, na anayetaja anapokelewa saa hiyo hiyo kwa wimbo na kukumbatiwa. Hapakuwa na barua. Wazee wengi wa siku hizi walilelewa na hao, ndio maana wanapenda usimame mbele useme. Walirithi kusimamisha, ile ya kukumbatia wakawaachia akina mama.

#17 Kiti_cha_Nyuma
Shemasi, hiyo laini ya mwisho naiweka kwa stetasi.

#18 Wakili_Mtaa
Salamu. Naongea kisheria, si kiroho. Kanisa ni chama cha hiari, mahakama nyingi huogopa kuingia kwa mambo ya imani. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 hapa Kenya inahesabu imani ya mtu, hali yake ya ndoa na habari za familia yake kuwa data nyeti. Wale wanaotuma miniti za baraza kwa grupu ya WhatsApp ya kanisa wajue hivyo. Marekani kuna kesi ya Marian Guinn wa Collinsville, Oklahoma. Wazee walitangaza dhambi yake kanisani baada ya yeye kuandika barua kwamba amejitoa. Mahakama kuu ya jimbo 1989 ikasema walichofanya akiwa mshirika kinalindwa, baada ya kujitoa hakilindwi.

#19 Nyundo45
Kwa hivyo unataka Fundi ashtaki kanisa kwa 47,000 alizokula mwenyewe. Wakili nyinyi mnatafuta kazi hata kwa Meza ya Bwana.

#20 Wakili_Mtaa
Sijasema ashtaki. Nimesema wengine wasitume miniti.

#21 Msabato_wa_Rongai
Kwetu Waadventista hii imeandikwa kwa mwongozo, haikai kwa kichwa cha mtu. Kuna karipio na kuna kuondolewa ushirikani. Karipio linapewa muda maalum, mwezi mmoja mpaka miezi 12 isizidi, na muda ukiisha kanisa linaangalia, kama mwenendo ni mzuri mtu anarudi hali yake ya kawaida bila kura nyingine. Tena si pasta wala wazee wanaamua, ni kanisa lenyewe kwenye kikao cha washirika. Aliyeondolewa kabisa, akitubu, kwa kawaida anabatizwa upya.

#22 KijanaWaGithurai
Anatumbukizwa tena kama mandazi haikuiva?

#23 Msabato_wa_Rongai
Kama mandazi ndio, cheka tu. Mjomba wangu alibatizwa mara ya pili akiwa na 61 na alilia kuliko ile ya kwanza.

#24 Alto_wa_Anglikana
Nakubaliana na Msabato kwa hiyo ya kuandika. Kitabu cha Sala cha 1662 kilisema kasisi akimzuia mtu kwa Meza lazima amjulishe askofu ndani ya siku 14. Maana yake mtu hawezi kuzuiwa kimya kimya na shemasi wa sinia. Lazima kuna mahali jina limeenda. Fundi, kwenu kuna karatasi?

#25 Mwanafunzi_Theolojia
Wapresbiteri wa Scotland walienda mbali zaidi. Kabla ya ushirika wazee walizunguka nyumba kwa nyumba wakihoji watu, anayefaa anapewa kibao kidogo cha risasi, na bila kibao hukai mezani.

#26 Mzee_wa_Benchi
Kibao cha RISASI? Hao wazee walikuwa wanakomunisha watu ama wanawapiga?

#27 Mwanafunzi_Theolojia
Risasi ile madini nzito mzee 😂 ya kwa betri ya gari.

#28 KijanaWaGithurai
Mimi nilishakimbia mlangoni.

#29 Mjukuu_wa_Thogoto
Tukiwa hapo kwa nani hufungiwa, #2 alisema kitu tukapita. Umewahi kuona mheshimiwa amewekwa nidhamu? Anakuja na magari manne, wake wawili mjini wote tunawajua, anakaa mbele, anaombewa, anapewa kipaza sauti. Fundi ni 47,000. Huyo akitoa 47,000 kwa harambee wanaona amewatusi.

#30 BintiParokia
Si wote. Novemba 2024 Askofu Mkuu Anyolo wa Nairobi alikataa pesa za rais zilizotolewa kwa kanisa la Soweto, hapa hapa Nairobi, na sehemu ilikuwa ya kwaya! Na zamani askofu Ambrosi alimzuia kaisari Theodosio mwenyewe, 390, baada ya jeshi lake kuua maelfu Thesalonike. Kaisari alifanya toba mbele ya watu pale Roma ndio akarudishwa.

#31 Mwanafunzi_Theolojia
Milano si Roma. Leo nalipiza ile ya Nikea. Na alirudishwa Krismasi ya mwaka huo huo.

#32 Nyundo45
Kwa hivyo kaisari wa kuua maelfu, miezi kadhaa. Fundi wa kubeti, 11. Haya.

#33 Fundi_wa_Umoja
Nimesoma zote, ahsanteni. Alto wa Anglikana swali lako la karatasi lilinifanya nitoke kazini mapema jana. Nilienda kwa katibu wa kanisa. Kumbe pasta aliyeniweka nidhamu alihamishwa nikiwa mwezi wa nne, hilo nilijua, lakini hakuacha neno lolote kunihusu. Pasta mpya hana habari. Hunisalimia vizuri tu kila Jumapili akidhani mimi ndio sitaki Meza! Katibu akafungua daftari ya miniti, akapata siku yenyewe, jina langu liko, na mbele yake imeandikwa "awekwe nidhamu mpaka baraza litakapoona vyema". Basi. Sita haiko. Sita nilisikia kwa mdomo. Nilikaa kwa hicho kiti cha plastiki nikacheka mpaka katibu akaniuliza kama niko sawa.

#34 Mzee_wa_Benchi
Litakapoona vyema. Na baraza lenyewe limefunga macho linaomba.

#35 Shemasi_Mstaafu
Nimeisoma hiyo sentensi mara tatu. Si kanisa letu, lakini hiyo sentensi nimeiandika kwa mkono wangu mara nyingi. Tuliona ni ya huruma, tusifunge mtu kwa tarehe, akibadilika mapema arudi mapema. Hatukufikiria kwamba mtu asipoangaliwa hakuna atakayeona vyema. Kuna binti tulimwandikia hivyo 2008, akahama mtaa. Sijui kama kuna mtu aliwahi kumwita. Mimi sikumwita.

#36 Kiti_cha_Nyuma
Shemasi, asante kwa kusema. Nilikuwa nimejitayarisha kukujibu vibaya.

Nitawaambia vile mimi nilirudi kwa sababu baraza halikuniita pia. Kulikuwa na mama mmoja mzee, anauza mboga kwa steji, hakuwa mwenyekiti wa kitu chochote. Jumapili moja ya Meza akatoka benchi yake akaja akakaa na mimi nyuma. Sinia lilipofika akalipitisha, hakuchukua. Shemasi akasimama pale akidhani hakuona, akamletea tena, akatikisa kichwa. Hakuniambia neno hata tukitoka, aliniuliza tu mtoto anakula vizuri. Mwezi uliofuata walikuwa wawili. Wa tatu walikuwa watano, na mmoja wao alikuwa bibi ya mzee wa kanisa. Hiyo wiki pasta akaniita ofisini.

#37 Nyundo45
Stori ni nzuri na imenigusa, lakini huo ni mgomo. Hakuna mtu hapo alipima toba yako, waliona tu aibu.

#38 Alto_wa_Anglikana
Na wakati alikuwa nyuma miaka miwili ni nani alikuwa anapima? Kinanda?

#39 Mwanafunzi_Theolojia
Mimi naona ni 2 Wakorintho 2 ile ile. Paulo anawaambia adhabu aliyopewa na wengi inatosha, sasa msameheni na mumfariji asije akamezwa na huzuni. Ni mtu yule yule ambaye Paulo alisema kwa 1 Wakorintho 5 atolewe kati yenu. Ona hawaambii wangoje amalize muda, anaogopa huzuni itamla.

#40 BintiParokia
Kama ni yule yule. Wataalamu wengi siku hizi wanasema wa 2 Wakorintho ni mtu mwingine aliyemkosea Paulo mwenyewe, hana uhusiano na yule wa 1 Wakorintho aliyekuwa na mke wa babake. Hapo hoja yako inalegea.

#41 Nyundo45
Wataalamu hawakosi cha kulegeza. Mimi nawauliza moja tu: Yuda alikula ama hakula?

#42 Mwanafunzi_Theolojia
Kwa Luka 22 Yesu anatoa mkate na kikombe halafu anasema mkono wa anayenisaliti uko nami mezani, kwa hivyo alikula. Kwa Yohana 13 anapewa tonge anatoka mara moja, na ilikuwa usiku, lakini Yohana hataji mkate na kikombe kabisa. Watu wamebishana tangu zamani.

#43 Nyundo45
Alikula. Na 1 Wakorintho 11 inasema mtu ajihoji mwenyewe. Ajihoji! Haisemi ahojiwe na baraza.

#44 Shemasi_Mstaafu
Na mstari unaofuata unasema anayekula bila kuupambanua mwili anajilia hukumu. Mzee anayekuzuia anaweza kuwa anakuogopea.

#45 Sopurano_wa_Pili
Naingia nikiwa nimechelewa. Mimi niliwahi kuibiwa za chama na mtu alilia kuliko Fundi, tukamsamehe, akarudia. Kwa hivyo mtaniwia radhi, nyote mnauliza kuhusu baraza na hakuna aliyemuuliza yeye. Fundi, umeacha kubeti?

#46 Mzee_wa_Benchi
Kimya.

#47 Mzee_wa_Benchi
Bado kimya. Masaa matatu.

#48 Fundi_wa_Umoja
Nilikuwa kazini mzee sikukimbia.

Sopurano umeuliza vizuri. Nimeacha. Programu nilitoa kwa simu mbele ya mke wangu siku ile ile nilienda kwa pasta. Lakini mwezi wa tatu wa nidhamu, kulikuwa na mechi, nikaomba simu ya jamaa kazini nikaweka 500. Ikaingia, nikapata 1,900. Nililipa nayo deni la kwaya. Hiyo risiti ninayowaambia iko, 1,900 zake ni hizo. Sijawahi kuambia mtu. Tangu hapo hakuna.

#49 KijanaWaGithurai
Manze.

#50 Sopurano_wa_Pili
Asante kwa kutodanganya. Sare zangu sasa nitaziangalia vingine.

#51 Nyundo45
Aah Fundi. Mimi nimekutetea tangu #3.

#52 Wakili_Mtaa
Usiseme hiyo mbele ya baraza. Hukuulizwa. Wao walikosa kufuatilia, hilo ni lao, usiwape sababu ya kuandika "litakapoona vyema" mara ya pili.

#53 Shemasi_Mstaafu
Mimi nasema aseme. Si kwa ajili yao. Atanyanyua kile kikombe akikumbuka 1,900, na hakitashuka vizuri.

#54 BintiParokia
Ndio maana kuna kitubio jameni. Mtu mmoja, masikio mawili, inaishia hapo. Kwa baraza la watu kumi na mbili itafika kwa steji kabla ya chai.

#55 Kiti_cha_Nyuma
Amwambie mke wake kwanza. Yule alikuwa benchi ya tatu.

#56 Msabato_wa_Rongai
Na hiyo 1,900, kwaya irudishiwe safi ama? Nauliza tu. Kama pesa ilitoka huko, deni limelipwa ama halijalipwa?

#57 Alto_wa_Anglikana
Deni limelipwa. Pesa haina harufu ikishafika kwa fundi wa nguo.

#58 Mjukuu_wa_Thogoto
Halijalipwa. Zakayo alirudisha mara nne na hakwenda kubeti azipate.

#59 Fundi_wa_Umoja
Nimemwambia jana usiku. Hakusema kitu mpaka akamaliza kupiga pasi, halafu akasema alijua, yule jamaa wa kazini ni mume wa rafiki yake. Amekaa na hiyo miezi nane.

Pasta mpya ameniambia niandike barua, baraza linakaa Alhamisi saa kumi na mbili jioni. Sijaamua nitaweka nini ndani. Nimeandika moja ina 500 na moja haina.

#60 Mzee_wa_Benchi
Beba risiti. Na daftari ya miniti ikifunguliwa uangalie wanaandika nini, usikubali kuambiwa kwa mdomo tena.

#61 Kiti_cha_Nyuma
Na mke wako akae wapi Jumapili ya Meza, benchi ya tatu ama na wewe?

#62 Fundi_wa_Umoja
Sijamuuliza. Naogopa kumuuliza.

#63 KijanaWaGithurai
Swali la mtoto halijajibiwa na uzi uko #63. Ni soda ama ni nini?

#64 Fundi_wa_Umoja
Ni Ribena na maji. Nafikiri. Ni kitambo.